Nani Kakwambia Nimechagua?

Kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili kinachoonewa sana siku hizi, nacho ni kuchagua. Kinaonewa kwenye ripoti za usafiri, kwenye semina za mipango miji, kwenye makala za magazetini. Utasikia kwamba wakazi wa jiji wamechagua daladala. Utasikia kwamba vijana wamechagua bodaboda. Utasikia, na hapa ndipo damu inanichemka, kwamba watu wa kipato cha chini huchagua kutembea. Huchagua kutembea! Mtu katoka Buguruni kwa miguu mpaka Kariakoo saa kumi na moja alfajiri kwa sababu mfukoni ana nauli ya kwenda au ya kurudi, si zote mbili, halafu tunaambiwa kachagua. Kama mtu anayechagua khanga dukani vile: anaikunjua hii, anairudisha ile, anauliza bei ya ile nyingine.

Mimi si mhandisi wala mtakwimu. Ni msomaji, na kazi ya msomaji ni kuliuliza neno linafanya nini pale lilipowekwa. Neno hili limewekwa pale ili kukosa kuonekane kama kupenda. Mtu anakosa usafiri, anafanya alichoweza, alichoweza kinaandikwa kuwa ndicho alichokitaka, kisha mji unajengwa kwa kufuata kile "alichokitaka". Hiyo ndiyo hoja yangu yote.

Tuanze kwa kuwatendea haki wenyewe. Modeli ya uchaguzi wa usafiri si uchawi, na ukiiondolea alama za hesabu inaelezeka. Unachukua sampuli ya wasafiri. Kwa kila mmoja unaandika alisafiri na nini, na nini kingine angeweza kupanda. Kwa kila chombo unaandika nauli, dakika za kukaa ndani, dakika za kusubiri, umbali wa kutembea hadi kituoni. Kisha unaiuliza hesabu: kila kimoja kati ya hivi nikipe uzito gani ili uelezeke vizuri mwenendo wa watu hawa? Ukishaupata uzito huo unaweza kupandisha nauli kwenye karatasi, au kuchora njia ambayo haijajengwa, ukakadiria wangapi watahamia huko. Yale ambayo hesabu haiyaoni, siri za moyo wa msafiri, yanaachiwa bahati nasibu. Ndiyo maana jibu linakuja kama uwezekano, si kama amri.

Aliyeisimamisha elimu hii kwa miguu yake ni Daniel McFadden, mchumi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na James Heckman. Kisa chake maarufu ni cha treni za BART, za eneo la San Francisco, zilizoanza kubeba abiria Septemba 1972. Makadirio rasmi yalisema treni hizo zingevuta asilimia 15 ya safari za kwenda kazini. Modeli ya McFadden na wenzake ikasema asilimia 6.3. Treni zilipofanya kazi, ikapatikana asilimia 6.2. Mimi huyo mzee namvulia kofia. Wakubwa walitaka kusikia 15, yeye akasema 6, na 6 ikawa. Huo ni ujasiri, na takwimu zikitumika hivyo ni rafiki wa mwananchi.

Lakini angalia mazingira. Mtu wa California wa mwaka 1972 aliyeingia katika hesabu ile, kwa kawaida alikuwa na gari nyumbani, au basi lenye ratiba, na sasa na treni. Alikuwa na meza yenye sahani tatu, akala moja. Neno kuchagua kwake linakaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Ukilichukua neno hilo hilo ukamvisha mtu wa Gongo la Mboto, linampwaya.

Nikupe mifano ya kwetu, na kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua.

Mfano wa kwanza ni kugeuza na gari. Mtu wa Dar anataka kwenda mjini asubuhi, au kurudi nyumbani jioni. Anajua kwamba gari likifika kituoni kwake litakuwa limejaa mpaka mlangoni. Basi anavuka barabara, anapanda gari hilo hilo likiwa linaelekea upande usio wake, analipa nauli, anakwenda nalo hadi mwisho wa ruti, anageuka nalo akiwa ameshakalia kiti, analipa tena. Nauli mara mbili na nusu saa ya ziada, ili asisimame kwa saa nzima na mgongo unaouma, au na mtoto, au na ujauzito. Sasa mwite mtakwimu ahesabu. Daftari lake litaonyesha abiria aliyekwenda upande ambao hakuwa na shughuli nao, akalipa ghali kuliko ilivyo lazima, akapoteza muda kwa hiari yake. Kwa hesabu huyu ni mwehu. Kwa mtu wa Dar huyu ana akili timamu kuliko wote waliosimama.

Mfano wa pili ni kukata ruti. Ubavuni gari limeandikwa linakofika, na wewe umelipanda kwa maandishi hayo. Katikati ya njia dereva anaona foleni mbele, konda anatangaza "mwisho hapa, shukeni," na wewe unashuka, unatafuta gari jingine, unalipa tena. Je, ulichagua safari ya magari mawili? Kwenye dodoso utakuwa umechagua.

Mfano wa tatu unaniuma zaidi, maana ni wa watoto. Nauli ya mwanafunzi imekuwa kwa miaka mingi shilingi 200, ndogo mno ukilinganisha na ya mtu mzima, na hasara ya tofauti hiyo anabaki nayo mwenye gari. Matokeo yake kila mmoja ameyaona: gari linasimama, konda anautazama umati, anasema "wanafunzi wawili tu," anainyoosha mikono kama uzio. Mtoto wa darasa la nne anaachwa kituoni mara tatu, mara nne, huku kengele ya shule inalia asipoisikia. Hapo nani kachagua? Kuna uchaguzi uliofanyika, sikatai, lakini aliyechagua ni konda. Abiria amechaguliwa, au hakuchaguliwa. Sarufi yetu ina kauli ya kutendwa kwa ajili ya hali kama hiyo hasa, na ripoti zinaikwepa.

Wataalamu watasema: hayo tunayajua. Na kweli wanayajua, hilo ndilo linalonikera. Wana mfano wao mashuhuri wa mabasi mekundu na mabasi ya buluu. Mtu ana gari dogo na basi la buluu, na uwezekano wa kutumia kila kimoja ni nusu kwa nusu. Paka rangi nyekundu nusu ya mabasi. Modeli ya msingi, ile wanayoiita lojiti, itakwambia sasa gari dogo litapata theluthi, basi la buluu theluthi, basi jekundu theluthi. Yaani watu wameacha magari yao nyumbani kwa sababu ya kopo la rangi! Konda yeyote anayejua kwamba mistari ya rangi kwenye daladala ni alama ya ruti, na si uchawi wa kuvuta wateja, angecheka. Kasoro hiyo waliiona mapema wakaitafutia dawa: wakayaweka machaguo yanayofanana ndani ya kiota kimoja, hesabu ikatulia.

Hata tatizo ninalolilalamikia mimi wameshaliona. Tangu miaka ya 1970 zipo modeli zinazokadiria kwanza mtu ana nini mbele yake, kisha ndipo zinauliza kati ya hivyo anachukua kipi. Na kwa abiria asiye na njia nyingine wana jina kabisa: wanamwita mateka. Neno hilo ni lao, mimi nimelifasiri tu. Kwa hiyo dawa ipo kabatini na jina la ugonjwa wanalijua. Lakini ukija kwenye muhtasari, ule ukurasa mmoja ambao mkubwa atausoma kabla ya kutia sahihi, mateka anageuka mteja. Herufi mbili tatu zimehama mahali, na binadamu mzima kapotea.

Niliwahi kusimamishwa kituoni na kijana mwenye dodoso kwenye simu yake. Kijana mwenye adabu, akaniamkia, akaniomba dakika tano. Swali la kwanza: kwa nini umechagua usafiri huu? Majibu yalikuwa manne: bei, muda, starehe, usalama. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nimepanda hili kwa sababu ndilo lililosimama." Akaangalia skrini, akapandisha juu, akashusha chini. Jibu hilo halikuwamo. Akaniomba nichague lililo karibu. Tukakubaliana tuweke "muda". Mahali fulani kwenye jedwali fulani mimi ni mtu anayejali muda.

Najua atakayenijibu: bwana, hilo ni dodoso baya, si modeli mbaya. Nakubali kabisa. Ila modeli haina macho mengine zaidi ya dodoso. Ukiipa orodha ya majibu manne italeta miji ya majibu manne.

Na tusiseme ni ya daladala tu. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, katika njia ya kilomita 20.9 ya awamu ya kwanza, kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake ya Morocco na Kariakoo, daladala ziliondolewa katika njia hiyo. Uamuzi huo una sababu zake, na sitaki kuubishia hapa. Ninachobishia ni mtu anayekuja baadaye kuhesabu abiria wa mwendokasi kutoka Kimara na kusema wananchi wameupenda. Labda wameupenda, labda hapana. Hatuwezi kujua kwa kuhesabu vichwa, kwa sababu chombo kingine kiliondolewa mezani. Uchaguzi wenye mgombea mmoja, matokeo yake hayatufundishi kitu juu ya mapenzi ya wapiga kura.

Sasa tufike kwenye pesa, maana hapa ndipo maneno yanageuka kuwa lami na zege. Modeli ikishapata uzito wa nauli na uzito wa dakika, unaweza kugawanya kimoja kwa kingine ukapata kitu wanachokiita thamani ya muda: mtu yuko tayari kulipa kiasi gani ili aokoe saa moja. Thamani hiyo inachukuliwa, inazidishwa kwa dakika ambazo mradi utaokoa, inakuwa faida ya mradi. Mradi wenye faida kubwa unajengwa. Unaona mtego ulipo? Aliye na pesa kidogo hawezi kulipa nyingi kuokoa muda, hata kama muda ule ni wa kumwahi mtoto kliniki. Kwa hiyo "amedhihirisha" kwamba muda wake ni rahisi. Tuseme mmoja saa yake imekadiriwa shilingi 20,000 na mwingine shilingi 1,500. Basi dakika kumi za yule wa kwanza, peke yake ndani ya gari lake lenye kiyoyozi, zina uzito kuliko dakika kumi za abiria kumi na watatu waliobanana kwenye kipanya. Barabara ya juu inapita kwenye hesabu. Njia ya waenda kwa miguu inaanguka. Hakuna mtu aliyesimama akasema maskini wasubiri. Kigawanyo kimesema kwa niaba yake.

Wala hii si sheria ya maumbile. Uingereza kwa miongo mingi imetumia wastani mmoja wa thamani ya muda kwa safari zisizo za kikazi, awe msafiri tajiri au maskini. Hiyo ni siasa, na ni siasa ya kiungwana: wamekubaliana kwamba mbele ya barabara ya umma saa ya mtu ni saa ya mtu. Basi na ile nyingine, ya kumpima kila mtu kwa mfuko wake, nayo ni siasa. Isivae koti la hesabu ikajifanya haina chama.

Wapo watakaoniambia: ukizitupa modeli utapanga mji kwa ramli. Sijasema zitupwe. Bila hesabu yenye nidhamu wakubwa hujidanganya, na ushahidi upo. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 210 ya usafiri katika nchi 14. Katika miradi ya reli, tisa kati ya kumi ilikuwa imekadiriwa abiria wengi kuliko waliokuja, na kwa wastani makadirio yalizidi ukweli kwa zaidi ya asilimia 100. Maana yake ni kwamba yule aliyetabiri 6 pale watu walipotaka 15 ni adimu, na mara nyingi modeli hukamuliwa mpaka iseme anachotaka mwenye mradi. Kwa hiyo mimi na mtakwimu mwaminifu tuko upande mmoja. Ninamwomba tu amalize kazi yake: aniambie pia nani hakuwa na la kuchagua.

Na aniambie juu ya wasiosafiri. Sampuli huwakamata watu kituoni au kwenye gari. Nani atamkamata binti aliyekataa kazi ya usiku mjini kwa sababu baada ya saa nne hakuna gari la kumfikisha Chanika, na bodaboda kwa giza lile hataki? Nani atamhesabu mzee aliyeacha kwenda kuangaliwa sukari kwa sababu ngazi ya basi imemshinda goti? Safari isiyofanyika haiachi tiketi. Haina dakika wala nauli, na kwenye jedwali haina mstari. Watu wa aina hii kwenye mji wenye wakazi 5,383,728, kwa sensa ya 2022, si wachache, na kimya chao kinasomwa kama kuridhika.

Nirudi kwenye lugha, maana hapa ndipo nyumbani kwangu. Sikiliza watu wanavyozungumza kituoni. Hakuna anayesema "nimechagua gari." Wanasema "nimepata gari." Anayechelewa kazini anasema "nilikosa gari." Mke anampigia mumewe saa mbili usiku: "Umepata usafiri?" Kupata na kukosa, hivyo ndivyo vitenzi vya usafiri katika Kiswahili cha mjini, kwa sababu kizazi baada ya kizazi kimepanda kilichopatikana. Matatu za Nairobi zilitambuliwa rasmi mwaka 1973 na daladala za Dar mwaka 1983, lakini kabla ya kutambuliwa zote zilikuwa zimekwisha kubeba watu kwa kujificha, maana mabasi rasmi hayakutosha. Zikapewa majina ya nauli zake: matatu kwa senti kumi tatu, daladala kwa ile sarafu ya shilingi tano tuliyoiita dala. Watu waliviita vyombo hivyo kwa kile walichotakiwa kuwa nacho mkononi ili wapande. Jina lenyewe lilikuwa linauliza: unayo?

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Walijua hiari ni kitu kizito, hakigawiwi ovyo kwa kila aliyeonekana akifanya jambo. Ndiyo maana napendekeza jambo dogo lisilo na gharama. Kwenye kila dodoso, kabla ya kuuliza "kwa nini umechagua", iulizwe kwanza "ungeweza kupata nini kingine?" na kituo hicho, saa hiyo, kwa pesa iliyoko mfukoni mwake. Waliosema "hakuna" wahesabiwe peke yao, na namba yao iandikwe kwenye ule ukurasa wa kwanza wa mkubwa, juu, kwa herufi za kawaida. Ongeza walioachwa kituoni na waliotembea kwa kukosa nauli. Thamani ya saa iwe moja kwa wote. Na kwa ripoti zinazoandikwa kwa Kiswahili, pale ambapo orodha ilikuwa na kitu kimoja tu, kitenzi kibadilishwe: abiria hawa walipata daladala, hawa walipata bodaboda, hawa walikosa.

Mwandishi wa ripoti akiona haya kuandika "walikosa" mara elfu tatu katika jedwali moja, haya hiyo ni mwanzo mzuri wa kupanga mji.